Mtoto mpole asiyesumbua, tumwangalie mara mbili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua zinatakiwa ziwe fupi ila hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na nikilikatakata halitaeleweka, kwa hiyo mkilazimika kupunguza basi punguzeni huku mwanzoni mniachie ya mbele.

Magazeti yetu yanaandika sana habari za watoto waliofanyiwa ukatili na ni sawa kabisa, mtoto kachomwa mikono kisa kachukua mia tano, mtoto kapigwa na mama wa kambo mpaka kalazwa, mtoto kabakwa na ndugu wa karibu, kila wiki tunazisoma na watu wanakasirika na mtuhumiwa anatafutwa. Mi nataka kuongelea mtoto ambaye hakuna aliyempiga. Hana kovu hata moja. Anakula, anavaa, kadi yake ya kliniki mstari unapanda vizuri, ila toka kazaliwa hakuna mtu anayeongea naye, hakuna anayecheka naye, akilia haji mtu, anashinda kwenye chumba kilichofungwa kwa nje mpaka jioni. Huyo haandikwi popote maana hakuna tukio la kuandika. Mimi nafundisha chekechea huku Mbagala, hao watoto nawapokea wakiwa na miaka minne, mitano, na nasema bila kuficha kwamba wapo kati yao walioumia kuliko wengi wanaochapwa, sema hakuna pa kuweka bandeji.

Niwape mfano mmoja, jina sitaji wala mtaa sitaji. Ni binti, alikuja akiwa na miaka mitano na kidogo, mwili wake mzuri tu, sweta safi, nywele zimesukwa. Mama yake anauza samaki, saa kumi usiku ameshatoka kwenda Feri, kaka mtu anaamka anajiandaa kwenda shule, akitoka anapiga kufuli kwa nje. Ndani binti kaachiwa uji kwenye chupa ya chai, vipande vya mkate na ndoo ya kujisaidia. Ndo siku yake hiyo, kila siku, toka hajakaza miguu vizuri. Wiki ile ya kwanza akaanguka kwenye bembea goti likachanika, damu inashuka mpaka kwenye soksi. Hakulia. Hakuniangalia mimi wala mwalimu mwenzangu, alikaa pale chini anaiangalia damu anaipangusa na kidole kama vile goti sio lake. Mtoto yeyote akianguka cha kwanza anatafuta sura ya mtu mzima, hata kabla hajajua kama imeuma, mnajua wenyewe mnaolea, anakuangalia kwanza ndo analia. Huyu hakuwa na mtu wa kumtafuta kichwani mwake. Ukimuuliza unaitwa nani anakutazama mdomo unavyocheza. Andazi la saa nne anakula nusu, nusu inaingia mfuko wa sweta, mama akifua anazikuta zimeota ukungu. Alafu muuza maji akiingia getini na mkokoteni wake, mtu hajawahi kumuona maishani, binti anamkimbilia anamshika mguu anataka kuondoka naye.

Wazazi waliokuja kuchukua watoto wao walikuwa wanacheka, "huyu mchangamfu kweli, hana ugeni." Mi nilikuwa naogopa. Mtoto wa umri huo kwa kawaida akiona mgeni anajificha kwanza nyuma ya mama, anachungulia, akizoea ndo anasogea. Asiyejificha nyuma ya mtu yeyote mara nyingi ni kwa sababu hana huyo mtu wa kujificha nyuma yake. Na mtu mwenye nia mbaya akipita getini anamuondoa pale bila hata pipi.

Kuna sifa nyingine inayotudanganya na hii inaanza mapema zaidi. Nyumba zetu hizi za kupanga mnazijua, vyumba vinatazamana kwenye korido moja, choo kimoja, mtoto wa chumba cha tatu akilia usiku nyumba nzima inaamka na asubuhi maneno yanaanza uani. Kwa hiyo mtoto asiyelia anasifiwa, "mwanao mpole jamani, hasumbui, hata hatujui kama kuna mtoto humu." Na mama anafurahi. Sasa wapo watoto wapole wa kuzaliwa, siwakatai, ila huyo ukimchekea anacheka, ukimwita anageuka. Mwingine upole wake umetokana na kulia siku nyingi bila mtu kuja. Kilio ndo njia pekee ya mtoto mchanga kuita watu, akiita akaitikiwa anaendelea kuita na anajifunza kwamba duniani kuna watu, akiita mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hamna kitu, anaacha. Ameacha kwa kukata tamaa, na sisi tunamsifia.

Haya siyatoi kichwani kwangu. Kuna nchi ya Romania, kiongozi wao Nicolae Ceaușescu mwaka 1966 alipiga marufuku utoaji mimba na akabana uzazi wa mpango, alitaka watu waongezeke, watoto wakazaliwa kwenye familia ambazo hazina uwezo na wengi wakaishia kwenye vituo vya serikali. Alipong'olewa Desemba 1989 dunia ikakuta watoto zaidi ya laki moja wako kwenye vituo hivyo. Walikuwa wanalishwa, wanabadilishwa nguo, kila kitu kwa ratiba, ila mlezi mmoja ana watoto kumi na zaidi na hana muda wa kumbeba hata mmoja. Watu walioingia kwenye vyumba vya wachanga wakakuta kimya. Vitanda vimejaa watoto na hakuna anayelia. Wengine wanajiyumbisha wenyewe mbele nyuma, mbele nyuma, siku nzima, wengine wanaangalia viganja vyao. Na wale waliokua kidogo wanamkimbilia mgeni yeyote anayeingia wanamkumbatia. Niliposoma hiyo sehemu nikaiweka simu chini maana nilikuwa nasoma habari za binti wangu wa bembea.

Watafiti wa Marekani, akina Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, kwenye miaka ya 2000 wakafanya kazi kwenye mji mkuu wa huko, Bucharest. Walichukua watoto 136 wenye umri kati ya miezi sita na miaka miwili na nusu hivi, kwa bahati nasibu nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea zilizofundishwa na kulipwa, nusu wakabaki kwenye vituo kama ilivyokuwa utaratibu wa nchi. Wakawafatilia miaka na miaka. Waliokwenda kwenye familia walipata nafuu, akili, lugha, uwezo wa kumpenda mtu na kumtegemea, hata umeme wa ubongo ukipimwa ulikuwa unakaribia wa watoto wa kawaida. Ila sio wote sawa. Waliotolewa kabla ya kufika kama miaka miwili ndo walionyanyuka zaidi, waliochelewa walibaki nyuma kwenye mambo mengi pamoja na kwamba sasa wana familia nzuri kabisa. Na huko Uingereza Michael Rutter na wenzake waliwafatilia watoto 165 walioasiliwa kutoka Romania. Waliokaa vituoni chini ya miezi sita walipokua hawakuwa na tofauti kubwa na watoto wengine wa Kiingereza. Waliozidisha miezi sita, wengi wao matatizo yaliwafata mpaka utu uzima, na ubongo ulipopigwa picha wakiwa vijana wakubwa ukaonekana ni mdogo kwa asilimia 8.6 ukilinganisha na wa wenzao. Hao ni watu waliokula vizuri na kusoma vizuri na kupendwa na wazazi wao wapya kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya pale.

Ndo maana nikisikia "atakua tu" moyo unaniuma. Mtoto ana miaka miwili hasemi hata neno, "atakua tu, hata baba yake alichelewa." Ana miaka mitatu, haangalii mtu usoni, "atakua tu." Mwili ndio utakua. Ubongo wa mtoto akifika miaka miwili umeshafika kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, yani sehemu kubwa ya ujenzi inafanyika wakati sisi tunasema huyu bado hajui kitu. Na unajengwa kwa kutumika. Mtoto anatoa sauti mama anajibu, mtoto anacheka mama anacheka, mtoto ananyoosha kidole mama anasema "eeh, kuku yule," ni kama watu wanaorushiana mpira wa makaratasi, asiporudishiwa mchezo umekwisha. Zile njia za ubongo zilizokuwa zinasubiri kutumika zisipotumika zinapungua. Juu ya hapo mtoto anayekaa na hofu muda wote bila mtu wa kumtuliza mwili wake unamwaga homoni za msongo siku hadi siku, na zikizidi zinaharibu kumbukumbu na usingizi, hata urefu, wapo watoto waliodumaa wakati chakula kipo na walipohamishiwa sehemu yenye upendo wakaanza kurefuka.

Kuna jaribio moja dogo alilianzisha Edward Tronick wa Marekani miaka ya 1970, mzazi yeyote anaweza kulielewa. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi kadhaa, wanachekeana vizuri, alafu anaambiwa aukaushe uso, amwangalie tu mtoto asifanye chochote kwa kama dakika mbili. Mtoto anagundua hapohapo. Anatabasamu, anaonyesha kidole, anarusha mikono, anapiga kelele, anatumia kila alichonacho kumrudisha mama, akishindwa anageuza uso pembeni na analia. Mama akirudisha uso wake mtoto anatulia, hajadhurika, sisi wote kuna muda tunakuwa na mambo yetu kichwani na simu mkononi. Lakini mtu afikirie mtoto ambaye huo uso mkavu ndo anaouona asubuhi mpaka jioni, au haoni uso kabisa.

Mfano mbaya kuliko yote labda ni wa yule binti wa Los Angeles aliyegunduliwa mwaka 1970 akiwa na miaka 13, watafiti walimpa jina la bandia Genie. Baba yake alimfungia chumbani toka yuko mdogo sana, mchana anafungwa kwenye kiti cha choo, akitoa sauti anapigwa na watu wa nyumbani walikatazwa kuongea naye. Alipotolewa alifundishwa na wataalamu, akajifunza maneno mengi, ila kuyapanga yakawa sentensi kama mtu mzima anavyopanga hakuwahi kuweza. Simleti hapa ili watu wa Dar waseme "aah hiyo ni Marekani kwa wazungu wasio na ndugu." Namleta maana na huku wapo watoto wanaofungiwa ndani, hasa wenye ulemavu, familia inaona aibu, mgeni akija mtoto anaingizwa chumba cha nyuma. Tunajua kwamba wapo. Jirani anajua, mwenye nyumba anajua, hata mjumbe anajua.

Sasa nirudi kwa mama yake binti, maana najua wasomaji wengi hapa wameshamhukumu. Nilimwita tukaongea. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto bado na harufu ya samaki mikononi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia "Mwalimu mi nilijua namlinda. Nje kuna bodaboda, kuna karo la maji taka halina mfuniko, kuna wanaume siwaelewi. Nikamfungia ili nikirudi nimkute mzima." Utamjibu nini? Baba wa mtoto aliondoka mimba ikiwa changa na hajatuma hata senti, na kwenye maneno yote ya watu juu ya huyu mama sijasikia mtu anauliza baba yuko wapi. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi kisheria. Muuza samaki, mama ntilie, mfua nguo za watu, wana siku ngapi? Siku anayojisikia kutembea ndo siku anayorudi sokoni maana asiporudi hakuna anayekula. Zamani bibi, shangazi na binamu walikuwa uani hapohapo, mtoto anapita mgongo huu na huu, jioni hadithi hadithi, hadithi njoo, vitendawili, nyimbo za kubembeleza, mtoto alikuwa anamiminiwa maneno bila mtu kuita malezi. Hapa mjini mama ni yeye na chumba kimoja na kufuli.

Alafu tusidhani ni mambo ya uswahilini tu. Nina rafiki aliyefanya kazi za ndani upande wa Mbezi Beach, anasema kule mtoto ana chumba chake kimejaa midoli, tivii inawaka katuni toka saa kumi na mbili asubuhi, wazazi wanatoka kalala wanarudi kalala, na aliyebaki naye ni dada wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto, katolewa kijijini hajamaliza hata kukua, kachoka, anafokewa, simu ndo mwenzie. Katuni haimjibu mtoto. Anaweza kujifunza kuimba rangi zote kwa Kiingereza na bado hajui kumwambia mtu kwamba tumbo linamuuma.

Na hizi dei kea za mtaani za kulipia kwa siku, zipo za kina mama wazuri sana wanaojitahidi, ila nyingine nimeingia nikakuta watoto zaidi ya ishirini kwenye mkeka mmoja, dada mmoja, wachanga wamelazwa ukutani na chupa zao zimeegeshwa kwenye kanga iliyokunjwa ili mtoto anywe mwenyewe. Wamelala kimya. Kimya kilekile nilichokisoma.

Tumaini lipo na halina gharama kubwa, hii ndo sehemu ningependa msiikate. Mjini Kingston kule Jamaika, mwaka 1986 na 1987, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wana miezi tisa mpaka 24, kwenye mitaa ya maskini kama yetu. Wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wa hukohuko, walikwenda nyumbani kwa baadhi ya watoto mara moja kwa wiki saa moja tu kwa miaka miwili, wanamwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuongea naye, midoli yenyewe imetengenezwa kwa makopo na vitu vya nyumbani. Wengine walipewa maziwa ya lishe, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wale ambao hawakutembelewa. Waliopewa maziwa peke yake, faida haikudumu. Sisemi chakula sio muhimu, jamani, mtoto mwenye njaa hata kucheza hawezi. Nasema sisi tunapigana na udumavu kwa sahani peke yake. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, mwaka 2015/16 walikuwa 34, tunashukuru imeshuka, sasa tunapomfundisha mama kuchanganya uji wa lishe tumfundishe na kumwongelesha huyo anayemlisha.

Maana mama wengi hawajui na hakuna aliyewaambia. Mama wa binti aliniuliza kwa nia njema kabisa, "sasa niongee naye nini wakati haelewi?" Nikamwambia ongea chochote unachofanya. Unamenya vitunguu mwambie hiki kitunguu, kinaliza macho, ona mama analia. Unamuogesha mtajie mguu, mwingine uko wapi. Akisema "ba" na wewe sema "ba" usubiri aseme tena. Usiku ukirudi umechoka, hizo dakika za kumlisha weka simu mbali umwangalie usoni. Haitaki hela. Na yule bibi mwenye nyumba wao, anakaanga vitumbua uani kila asubuhi, tulimfata mimi na mama tukamuomba, akasema kumbe mlikuwa mnasubiri nini siku zote. Kufuli likatoka. Binti anakaa kwenye kigoda anamhesabia vitumbua, anakosea, bibi anamrudisha mwanzo. Sa hivi anaunga maneno matatu manne, akianguka analia na anakuja. Bado anaficha chakula, bado darasani anakaa nyuma kwa mambo mengi na sijui kama atawafikia wenzake. Tulianza tumechelewa, miaka mitano ni mingi sana kwa mtoto.

Na niseme hili mapema kabla mtu hajamnyooshea mama mwingine kidole, mtoto asiyesema anaweza akawa hasikii, anaweza akawa na usonji, anaweza akawa na shida nyingine ambayo mama hana kosa nayo hata kidogo. Apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza, na apelekwe mapema, sio kukaa kuambizana ana ulimi mzito.

Kabla ya kwa bibi nilienda ofisi ya serikali ya mtaa. Nikaambiwa mtoto hajapigwa, anakula, sasa mwalimu unataka tuandike nini. Nakumbuka nilitoka nimeduwaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kifungu cha 95 kinasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au mzazi mwenye uwezo anakataa ama anapuuza kumpa mtoto chakula, malazi, nafasi ya kucheza, mavazi, matibabu na elimu, ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya eneo lake. Kucheza kumeandikwa mle pamoja na chakula. Afisa ustawi wa jamii akipata taarifa anaweza kumwita mzazi wakakaa wakaongea, haianzii polisi. Kuna adhabu pia, kifungu cha 14, faini isiyozidi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote, na hiyo ibaki kwa mtu anayeelezwa, anasaidiwa na bado anakaidi. Muuza samaki ukimfunga miezi sita mtoto umemlinda na nini?

Serikali yenyewe Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano mpaka 2025/26, na mle wameandika vizuri sana kwamba mtoto anahitaji afya, lishe, ulinzi, kujifunza mapema na malezi yenye mwitikio, yani hayohayo ya kumjibu mtoto. Tatizo langu ni kwamba kule kliniki mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, kilo zinaandikwa, chanjo, mwingine aje. Foleni ndefu na manesi wachache, naelewa. Ila pale foleni ndo kina mama wote wamekaa, masaa mawili, matatu, wamebeba watoto mikononi. Mhudumu mmoja wa jamii na mfuko wa makopo na vitambaa angewafundisha wote wakiwa wamesubiri. Na nesi akiandika kilo aulize maswali mawili matatu, anacheka ukimchekea? anageuka ukimwita? mchana anabaki na nani? Binti wangu alipita kliniki miaka yote na kadi yake haina doa.

Mhariri, kwako nina maombi mawili. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, bure mitandao yote, naomba muiweke kila toleo sehemu inayoonekana, sio siku ya Mtoto wa Afrika tu, na muandike kwamba mtu anaweza kupiga hata kama mtoto hajapigwa. La pili, mtumeni mwandishi azunguke kwenye wilaya zetu, Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni, aulize kila kata ina maafisa ustawi wangapi na dei kea ngapi zimesajiliwa na ngapi hazijasajiliwa, na lini mara ya mwisho mtu aliingia kuzikagua. Mkiyaandika majibu, mimi na walimu wenzangu tutayabandika mlangoni pa darasa wazazi wayasome.

Mwalimu wa chekechea,
Mbagala, Dar es Salaam